Kitambaa Juu ya Plazma

Mgongo ndio ulionistaafisha. Hakuna aliyeniaga, maana duka lilikuwa langu, na mtu hajiagi mwenyewe. Asubuhi moja niliinama kuokota bisibisi chini ya meza nikabaki hapo hapo, sipandi sishuki, mpaka mmoja wenu, vijana wangu wa dukani, akaja akaniinua kama tulivyozoea kuinua televisheni ya plazma: mkono mmoja chini, mwingine nyuma, taratibu, bila kuipinda. Nilipokaa kitini nikasema basi, inatosha. Nikawakabidhi funguo pale pale.

Nilidhani nitapumzika. Kumbe mlikuwa mnanisubiri kwenye simu. Mzee, hii inawasha taa nyekundu kisha inazima. Mzee, mteja anasema sauti ya hom thieta inatoka kama iko chumba cha jirani. Mzee, tuifungue au tuirudishe? Nimechoka kujibu. Naandika mara moja, msome, halafu mniache nilale mchana kama wazee wenzangu wa Nabuyonga, hapa Mbale.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kazi yenyewe niliipata kwa Kiswahili. Kwetu Buwenge, nje ya Jinja, tulisema Lusoga, na Kiswahili tulikijua kuwa lugha ya watu wenye bunduki. Mama yangu alipokisikia barabarani alikuwa akiita kuku ndani, na sisi pamoja na kuku. Aliyenionyesha kwamba lugha hiyo ina maneno ya waya na lehemu pia alikuwa Afande Marjani, na habari zangu zote zinaanzia kwake.

Afande alikuwa Mnubi wa Jinja, mrefu, mkavu, mtu wa kuamka alfajiri. Ujanani alikuwa fundi wa redio kambini. Miaka ile hakutusimulia sisi wanafunzi wake, nasi hatukuuliza. Mimi nilipomkuta alikuwa na duka dogo karibu na soko, meza mbili na rafu zilizojaa televisheni zenye kichogo, na mji mzima ulimwita Afande, hata sheikh. Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Mteja akiambiwa arudi Ijumaa alisimama wima na kujibu ndiyo, afande, hata kama mteja mwenyewe ni mwalimu mkuu. Sisi tulicheka nyuma ya rafu. Kwa kweli alikuwa mpole, ila hakuona haja ya kuwatangazia watu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa shati jipya. Nilitegemea kupewa chuma cha kulehemu. Nikapewa brashi ya kupaka rangi, na kazi ikawa kutoa vumbi. Mchana kutwa nilifungua migongo ya televisheni na kupiga brashi: vumbi, mende, mayai ya mjusi, mjusi mwenyewe amekauka juu ya bodi kama biskuti. Jioni shati lilikuwa la rangi nyingine. Afande akapita, akalitazama, akasema sasa nimeanza kufanana na kazi. Msicheke. Nusu ya magonjwa mnayoniuliza kwa simu yanatibiwa kwa brashi, ila brashi haimo katika zile video mnazoangalia.

Kesho yake tulikwenda nyumba moja upande wa reli. Televisheni yao ilikuwa inajizima yenyewe ikishapata moto. Ilikuwa juu ya kabati, na juu yake kimetandazwa kitambaa cha kufuma, cheupe, pembeni kina maua ya waridi, na juu ya kitambaa chombo cha maua ya plastiki. Ninyi mmezaliwa wakati televisheni zimekwisha konda, pengine hamkumbuki. Enzi zile televisheni isiyo na kitambaa ilihesabiwa kuwa uchi. Kochi lilivaa, meza ilivaa, redio ilivaa. Mgeni akiingia akakuta televisheni tupu, alijua mwenye nyumba hana mke, au anaye na wamegombana.

Mimi nikanyoosha mkono nikitoe. Afande akanipiga kwenye vidole, tena mbele ya watu. Kisha akamgeukia mwenye nyumba, na ile sauti yake ya kambini ikawa ndogo kabisa.

"Mama, tafadhali. Kitambaa."

Yule mama akainuka, akaondoa maua, akakikunja kitambaa mara nne, akakaa nacho mapajani. Ndipo Afande akashika bisibisi.

Njiani akanieleza. Televisheni inapumua, yale matundu ya juu ndiyo pua yake, na kitambaa kinaiziba. Nikauliza kwa nini basi nisikitoe mwenyewe tukaokoa muda. Akasema kitambaa hakitolewi na fundi. Anakitoa aliyekiweka. Ukikitoa wewe, umemwambia mbele ya watoto wake kwamba ameiua televisheni kwa mkono wake. Akikitoa mwenyewe, mkono wake utakumbuka, na kesho hutamkuta dukani analalamika kwamba fundi ameiharibu zaidi. Nilidhani ni adabu tu. Miaka ilipopita nikaona ilikuwa pia njia ya kujiepusha na lawama, na Afande hakuona tofauti kati ya mambo hayo mawili.

Sasa sikieni maajabu. Mke wake, Mama Zamzam, alikuwa mfumaji hodari kuliko wote Masese, mtaa wa Jinja kando ya ziwa, ambako walikaa. Alifumia barazani, harufu ya samaki wakavu ikipita, macho yakiwa kwa wapita njia na vidole vikienda vyenyewe. Vitambaa vingi vya Jinja vilitoka mikononi mwake. Watu wakawa na utani wao: mke anaziua, mume anazifufua, na nyumba ni moja. Afande alisikia akanyamaza. Mama Zamzam alisikia akasema wanaocheka walete uzi.

Nyumbani kwao kulikuwa na vita. Tukialikwa kula siku za Idi tuliviona kwa macho yetu. Mama Zamzam anatandaza kitambaa juu ya televisheni, ananyoosha ukingo. Afande anainuka bila neno, anakitoa, anakilaza kwenye mkono wa kiti. Anakwenda kuswali. Akirudi, kitambaa kiko juu. Anakitoa. Hawakugombana, hata kutazamana hawakutazamana. Ile sheria yake ya kwamba anakitoa aliyekiweka haikuvuka kizingiti cha nyumba yake. Binti yao Zamzam, wakati huo msichana wa shule, alikuwa amezoea, anakula wali wake kama vile hakuna kinachotendeka.

Kwa Afande nilijifunza mengine ambayo bado yanafaa. Usiamini swichi, chomoa waya. Ukishachomoa, ngoja, maana kapasita kubwa hushika umeme hata nyumba nzima iko gizani, na mimi nimewahi kurushwa nikaangukia gunia la mkaa. Unganisha kwanza na balbu ya wati mia: balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, rudi nyuma. Na kabla ya yote muulize mteja anaangalia nini. Mwenye kuangalia mpira anataka kitu kimoja, mwenye kuangalia mawaidha anataka kingine, na wote watakwambia wanataka picha nzuri.

Baadaye nikaoa, na mke wangu ni mtu wa Nabuyonga. Alikaa Jinja kidogo, mbu wa ziwani wakamshinda, akasema kwao Mbale kuna hewa ya mlima. Ndivyo nilivyohamia Mbale. Afande alinipa balbu yake ya pili na soketi yake ya mbao, bila hotuba. Duka mnalolijua nililifungua kwa balbu hiyo. Kazi haikukosekana. Jinja umeme unazalishwa mlangoni mwa watu na bado unakatika. Mbale unakuja kutoka mbali, na ukirudi unarudi na hasira za safari. Kila mvua kubwa iliponyesha mlimani nilijua kesho kutakuwa na foleni.

Kisha plazma zikaja. Ya kwanza niliyoitundika ilikuwa ya mfanyabiashara wa kahawa, na mtaa ulisimama kuangalia. Vioo viwili, katikati gesi, na uzito wa mtu mzima aliyezimia. Tulijifunza kwa maumivu. Plazma hailazwi chali garini, itafika imepasuka. Haibebwi na mtu mmoja, hata awe na nguvu namna gani, na huu mgongo wangu ni ushahidi. Picha ikisimama mahali pamoja inaacha alama: wateja wangu wa habari wote walikuwa na kivuli cha nembo ya kituo kwenye pembe ya kioo, hata wakiangalia harusi. Tena ilikuwa na joto. Jamani, kile kitu kilikuwa na joto. Paka wa mtaani waliipenda kuliko sisi.

Wanawake wa Mbale walivumbua namna ya kuivisha. Plazma ilikuwa bado na unene wa vidole vichache, kwa hiyo walifuma vitambaa vyembamba, virefu, vinavyoning'inia mbele na nyuma, na nyuma ndiko kwenye matundu. Mimi nikawa nasema ile sentensi ya Afande nyumba hadi nyumba. Mama, tafadhali. Kitambaa. Nadhani nimeisema mara nyingi kuliko jina langu.

Hom thieta zilipoanza ikawa balaa mpya. Kuna Hajjat mmoja hapa Nabuyonga aliyeniita akilia kwamba ameuziwa spika mbovu, watu kwenye televisheni wanaongea kama wamejifunika blanketi. Nilipofika nikakuta spika zote tano zimejifunika kweli, kila moja na kanzu yake ya kufuma, na sabufa, ile spika kubwa ya besi, imewekewa mto. Nikamwomba avitoe vitambaa vile. Akavitoa, sauti ikafunguka, akafurahi, kisha akaviangalia vile vimasanduku vyeusi vilivyobaki tupu na kuniambia kwamba ni afadhali asisikie kuliko wageni wavione hivyo. Tulipatana: sabufa ivae juu tu, kwa sababu haina matundu juu, na zilizobaki zivae wageni wa heshima wakija, televisheni ikiwa imezimwa. Mpaka leo ananisalimia vizuri.

Halafu, polepole, plazma zikaanza kuchoka, na mimi pamoja nazo. Picha ikafifia, kioo kikaanza kuvuma kama nyuki, bodi zikawa hazipatikani. Watu wakaleta hizi nyembamba. Sitaki kuzisema vibaya, picha ni nzuri na umeme zinakula kidogo. Lakini nimefanya kazi hii muda mrefu, na kazi yenyewe imegeuka kuwa kubeba. Unatoa ya zamani, unaweka mpya, mpya ikiharibika unatoa unaweka nyingine. Spika za hizi nyembamba zinatazama ukutani, mzee wa watu hasikii mazungumzo, ndiyo maana anahitaji spika ya kati mbele yake. Mengine ni kuchomeka tu. Kuna jioni nilirudi nyumbani sijawasha chuma cha kulehemu wiki nzima, na nikajiona kama mtu aliyeacha kazi bila kujua.

Katika miaka hiyo Mama Zamzam akafariki. Nilikwenda Masese kuzika. Afande aliendelea na duka kidogo, kisha akafunga. Sikio la kulia likafa, la kushoto likabaki linajitahidi. Nikipita Jinja nilimwamkia, tukakaa barazani tukipigiana kelele. Ndani sikuwa naingia. Tangu msiba alikuwa akipokea watu nje.

Mwaka huu, kabla tu mgongo haujanimaliza, Zamzam akanipigia simu. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Kampala, ana watoto. Alisema amemnunulia baba yake televisheni mpya na hom thieta, vimefika Masese miezi kadhaa, na bado viko kwenye maboksi ukumbini. Baba yake anatundika kanzu juu yake. Plazma ya zamani hataki iguswe. Na jioni ya juzi plazma hiyo imetoa moshi, majirani wameingia na ndoo za mchanga, Afande amewafukuza, na kesho yake ameiwasha tena.

"Baba mdogo," akaniambia, "mimi siwezi kulala nikijua yuko peke yake na kile kitu. Nimekuja, nimeshamfungia nguo. Kitoke leo, au atoke yeye, nimpeleke kwangu."

Kwake ni ghorofani, na mzee hajui mtu hata mmoja huko. Masese kuna msikiti wake, majirani wake, na kaburi la mkewe. Nilijua akiondoka harudi, na Zamzam alijua pia, nikamsikia sauti ikikatika. Sikuwa na nguvu za kazi ile. Nilichukua mfuko wa vyombo nikaenda.

Ukumbini maboksi yalikuwa pale pale. Karibu na mlango mfuko wa nguo, umefungwa. Afande alikuwa amekaa mbele ya plazma, karibu mno, amegeuza kichwa ili sikio la kushoto lielekee kwenye kioo, na sauti iko juu kiasi kwamba maneno yenyewe yalikuwa yanapasuka. Kwenye pembe ya kioo kuna kivuli cha nembo. Chumba kina harufu ya plastiki iliyoungua. Na juu ya plazma, kimetandazwa vizuri, ukingo umenyooshwa, nikaona kitambaa cha kufuma, cheupe chenye waridi. Kule nyuma kilipofunika matundu kilikuwa kimegeuka kahawia kama chapati.

Nilisimama nikakodoa macho. Mtu huyu ndiye aliyenipiga vidole. Mtu huyu alizunguka Jinja yote akiwaambia wake za watu kwamba televisheni inapumua. Zamzam akafuata macho yangu, naye akaona, akapiga hatua akitoe kwa hasira. Nikamshika mkono.

Nikamwendea Afande upande wa sikio lake zima, nikainama, mgongo ukapiga kelele, nikasema kwa sauti ile aliyonifundisha.

"Afande, tafadhali. Kitambaa."

Hakugeuka. Nikadhani hajasikia, nikataka kurudia. Akachukua rimoti akazima, na chumba kikanyamaza.

"Nimesikia," akasema. "Miaka yote nilikuwa nakitoa, yeye anarudisha. Siku walipomchukua kwenda hospitali alikiacha hapo juu. Nilipotoka makaburini nikanyoosha mkono kukitoa, kama kawaida. Nikashindwa, Siraji. Nani angekirudisha?"

Nilikaa juu ya moja ya maboksi na machozi yakanitoka, mzee mzima. Na yeye alijua nilichokuwa nakifikiria, kwa sababu aliniambia anakitoa aliyekiweka, si ndivyo, na aliyekiweka hayupo.

Zamzam ndiye aliyesogea. Hasira zilikuwa zimemwisha. Akapiga magoti mbele ya kiti, karibu na lile sikio, akamwambia baba yake kwamba yeye ni mtoto wa aliyekiweka. Kisha akangoja. Afande akainamisha kichwa kukubali. Zamzam akainuka akakitoa, akakikunja mara nne, akakaa nacho mapajani, kama yule mama wa upande wa reli, kama wanawake wote niliowaomba maisha yangu yote.

Baada ya hapo ikawa kazi tu. Nikachomoa waya, tukangoja. Nikafungua mgongo, Afande akavaa miwani akainama pamoja nami. Kapasita za bodi ya umeme zilikuwa zimevimba, na sehemu ya bodi imeungua ikawa nyeusi. Akanionyesha kwa kidole kabla sijaona. Kioo kilikuwa kizima.

"Inatengenezeka," akasema.

"Inatengenezeka, Afande," nikamwambia. "Sisi ndio hatutengenezeki tena."

Alicheka mpaka akakohoa, Zamzam akakimbilia maji. Kisha akasema haya, itoke. Majirani wawili wakaja kuibeba, Afande akisimama mlangoni akiwaamuru kama askari, msiilaze, msiilaze, mpaka ikafika uani. Alitaka bodi ile iliyoungua abaki nayo, nikamtolea. Iko rafuni kwake sasa, karibu na Kurani, juu ya karatasi.

Tulifungua maboksi. Televisheni mpya niliitundika usawa wa macho ya mtu aliyekaa, si juu kama mnavyopenda ninyi, watu wanapata shingo. Spika ya kati niliiweka chini yake, nikaielekeza kwenye kiti cha Afande. Zile za nyuma niliziweka kushoto zaidi kuliko kulia, kwa ajili ya sikio. Ampilifaya, ile mashine inayoziendesha spika, ilikuwa na kipaza sauti kidogo cha kupimia chumba. Nikakisimamisha juu ya kiti chake, mahali kichwa chake kinapokaa, tukanyamaza wote huku mashine inapiga milio yake. Afande aliuliza inafanya nini. Nikamwambia inauliza mteja amekaa wapi. Akasema afadhali mashine, maana siku hizi mafundi hawaulizi. Mwishoni nikapandisha spika ya kati peke yake, maana ndiyo inayobeba maneno, nikashusha sabufa mpaka karibu iwe bubu.

Tukaweka habari. Afande alikaa nyuma kwenye kiti, mgongo umeegemea, kwa mara ya kwanza siku ile. Alisikiliza kidogo, kisha akasema kwamba kumbe huyu mtu anasema polepole, na yeye siku zote amekuwa akimtukana kwa kuharakisha. Zamzam aligeukia dirishani akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Adhana ya magharibi ikasikika, na Afande aliisikia mwenyewe, akatoka kwenda msikitini. Mimi nikawa nakusanya vyombo. Zamzam alikuwa bado na kile kitambaa mkononi, anazunguka nacho chumbani, hajui akiweke wapi. Ile televisheni mpya ilikuwa nyembamba, hakuna kitambaa kitakachokaa juu yake. Mwishowe akakitandaza juu ya ampilifaya, akanyoosha ukingo, ile sehemu iliyoungua akaielekeza ukutani. Ampilifaya ina matundu juu, tele. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga.

Afande akarudi. Akavua viatu, akaingia, akasimama katikati ya chumba. Akakiona. Alikwenda pale, akakitoa, akakilaza kwenye mkono wa kiti, akakaa. Zamzam akainama akachukua ule mfuko wa nguo uliokuwa mlangoni, akaupeleka chumbani kwa baba yake, nikasikia milango ya kabati inafunguliwa.

Alirudi Kampala kesho yake bila baba yake. Anakuja kila mwisho wa mwezi, na Afande ananiambia kwa simu, akilalamika kwa sauti ya kambini, kwamba binti yake akiwapo, kila akienda kuswali, akirudi kitambaa anakikuta juu.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Kuhusu taa nyekundu, pigeni brashi kwanza. Kuhusu kitambaa msinipigie simu. Ulizeni nani alikiweka, halafu mngoje.